Barua ya wazi kwa Baraza la Tiba Asili: Mmea unaoshusha sukari ni dawa, na dawa hupimwa

Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Tanzania,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Linatangazwa redioni, linapigiwa spika kwenye stendi za mabasi na masokoni, linasambazwa katika makundi ya WhatsApp, na linauzwa kwa chupa kwa mtu ambaye jana tu ameambiwa hospitalini kwamba ana kisukari. Nazungumzia dawa za mimea zinazouzwa kwa ahadi ya kushusha sukari, na mara nyingi kwa ahadi kubwa zaidi ya kuumaliza ugonjwa wenyewe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliwakabidhi ninyi kazi ya kuisimamia tiba hii, kwa hiyo malalamiko yangu nayaleta kwenu.

Nataja msimamo wangu mapema, asije mtu akaniweka upande usio wangu. Siandiki kwamba dawa za mimea ni uongo. Naamini baadhi ya mimea inashusha sukari kweli, na hapo ndipo hoja yangu yote inapoanzia. Kitu kinachoweza kushusha sukari ya damu kinaweza pia kuishusha kupita kiasi. Kinaweza kugongana na vidonge ambavyo mgonjwa anameza tayari, na kinaweza kumfaa huyu kisimfae yule. Kitu cha namna hiyo ni dawa kamili, na dawa kamili ina dozi, ina madhara yanayojulikana, na ina mtu wa kuwajibika inapodhuru. Nalalamika kwa sababu mimea yetu inasifiwa kama dawa na kuuzwa kama dawa, lakini ikifika kwenye kupimwa inageuka kuwa chakula, au imani, au urithi wa mababu.

1. Historia ya mimea na kisukari tunapenda kuitaja nusu. Vidonge vya metfomini, ambavyo ndivyo wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili huanza navyo katika kliniki zetu, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa huko kwa karne nyingi. Wauzaji wa dawa za asili hupenda kusimamia hapo, kwamba hata dawa ya hospitali ni jani tu. Lakini nusu ya pili ya habari ndiyo yenye mafunzo. Kemikali ya kushusha sukari iliyopatikana katika mmea ule, galegini, ilionekana kuwa na sumu nyingi mno kwa mgonjwa. Mwaka 1922 wanakemia wawili wa Dublin, Werner na Bell, walitengeneza maabara kemikali ya jamii hiyo hiyo iliyo salama zaidi, ndiyo metfomini. Ilikaa bila kutiliwa maanani hadi mwaka 1957, daktari wa Kifaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 1994. Kisha mwaka 1998 ukatoka utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliowafuatilia wagonjwa kwa muda unaozidi miaka 10. Ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye uzito uliozidi, vifo vitokanavyo na kisukari vilikuwa pungufu kwa 42% miongoni mwa waliotumia metfomini, wakilinganishwa na waliotegemea zaidi utaratibu wa chakula. Gome la mti wa tufaha nalo lina habari inayofanana: mwaka 1835 ilitolewa humo kemikali iitwayo florizini, na karne moja na nusu baadaye watafiti waliifuata njia yake hadi wakapata vidonge vya leo vinavyoitoa sukari ya ziada kwa njia ya mkojo. Mimea yote miwili ilipewa heshima kwa kuulizwa maswali magumu: kipi ndani yake kinafanya kazi, kwa kiasi gani, kwa nani, na kinaua lini. Mimea yetu wenyewe nani anaiuliza maswali hayo, na majibu yanatangazwa wapi?

2. Kinachoitwa ushahidi sokoni mara nyingi ni ushahidi wa panya. Ukifuatilia madai ya "imethibitishwa kisayansi" yanayoandikwa kwenye makopo ya unga wa mlonge, mbegu za uwatu, karela au magome mchanganyiko, utakuta aghalabu yanarudi kwenye panya waliochomwa sindano ya kemikali ya kuua chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kisha wakanyweshwa maji ya mmea. Utafiti wa namna hiyo ni hatua ya kwanza yenye maana, wala sidharau kazi ya wanasayansi wetu walioufanya kwa vifaa vichache. Lakini panya aliyeharibiwa kongosho kwa siku mbili si mama wa miaka 55 mwenye shinikizo la damu, uzito mkubwa na figo zilizoanza kuchoka. Dozi nayo haihami kirahisi kutoka kwa panya kwenda kwa mtu. Panya akipewa miligramu 400 za kimiminika kilichokaushwa kwa kila kilo ya uzito wake, hesabu inayotumika kubadilisha dozi kwenda kwa binadamu inatoa takriban gramu 4 na nusu kwa mtu wa kilo 70. Hizo ni gramu za kimiminika kilichokamuliwa na kukaushwa, ambacho hutoka kwenye majani mengi kuliko kijiko cha unga kinachopendekezwa kwenye kopo.

Ipo mimea iliyovuka hatua ya panya, na matokeo yake yanapaswa kutufanya tuwe na kiasi katika maneno. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, ya mwaka 2012 kuhusu karela yalikusanya majaribio manne yenye washiriki 479, na ya mdalasini mwaka huo huo yalikusanya majaribio 10 yenye washiriki 577. Katika yote mawili jibu lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza kwa wagonjwa wa kisukari. Huko Brazil, majani ya mzambarau yanasifiwa kwa kisukari kama huku kwetu zinavyosifiwa mbegu zake. Watafiti wa nchi hiyo waliwapa wagonjwa chai ya majani hayo na kuwalinganisha na wengine. Waliomeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha hospitali, sukari ilishuka, waliokunywa chai haikushuka. Na hapa hapa nyumbani, mwaka 2001, watafiti wa Muhimbili walichapisha jaribio la mmea mdogo wa porini, Phyllanthus amarus, kwa wagonjwa 21 wa kisukari kisichotegemea insulini. Baada ya wiki moja ya kunywa maji yake, sukari yao haikushuka. Wiki moja ni muda mfupi na watu 21 ni wachache, na ndiyo maana kazi ile ilistahili kuendelezwa na wengine kwa fedha za kutosha. Mimi nauheshimu utafiti ule kuliko matangazo yote ya redioni, kwa sababu wenye kuufanya walikuwa tayari kuandika kwamba dawa waliyoijaribu haikufanya kazi.

3. Kuna hatari ambayo haitokani na mmea kabisa. Chupa au kidonge cha "mitishamba" kinaposhusha sukari ndani ya saa chache kwa nguvu ya kushangaza, swali la kwanza liwe kama ndani yake hakuna dawa ya hospitali iliyosagwa. Hili limetokea duniani na limeua. Kati ya Januari na Mei 2008, hospitali za Singapore zilipokea watu 150 ambao sukari ilikuwa imeshuka vibaya. 7 walipoteza fahamu kwa muda mrefu na 4 walifariki. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye dawa za nguvu za kiume, bandia na za mitishamba, zilizokutwa na glibenklamidi, dawa ya kisukari ambayo mtumiaji hakujua anaimeza. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaonya makampuni 15 yaliyokuwa yakiuza tiba za kisukari kinyume cha sheria, na baadhi ya bidhaa zao zilikutwa na dawa za hospitali zisizotajwa kwenye lebo. Nchi zenye maabara nyingi kuliko zetu ziliingiliwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba soko letu lina kinga. Mgonjwa anayemeza glibenklamidi ya kliniki asubuhi na nyingine iliyofichwa kwenye chupa jioni anaweza kulala asiamke, na nyumbani watasema presha ilipanda.

4. Kibaya kuliko vyote ni neno "kuponya". Kisukari aina ya kwanza ni ugonjwa ambao kongosho imeacha kutengeneza insulini. Mtoto mwenye ugonjwa huo akinyimwa sindano, mwili wake huanza kuunguza mafuta, tindikali ya ketoni hujaa kwenye damu, na hufa ndani ya siku au wiki chache. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo kwa kila mtoto aliyeupata. Hakuna jani, gome wala mzizi uliothibitishwa popote kuchukua nafasi ya sindano ile. Kwa mwenye aina ya pili mauti huja polepole, na kwa hiyo ni rahisi kuyaficha. Anaacha vidonge kwa sababu ameambiwa asichanganye, anajisikia nafuu kwa miezi kadhaa kwa kuwa sukari iliyopanda kiasi haiumi, kisha anarudi hospitalini na ganzi miguuni, kidonda kisichofunga, macho yenye ukungu, au figo zinazohitaji mashine.

Taifa letu lina kumbukumbu ya ahadi kama hiyo ya kuponya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kupokea kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kutibika. Sitaki kumhukumu marehemu, aliyefariki mwaka 2021, wala wale waliopanga foleni. Waliokwenda walikuwa wagonjwa wenye haki ya kutafuta afya. Ninachohoji ni mjadala wa kitaifa uliofuata, ambao uliendeshwa zaidi kwa hoja za imani na siasa kuliko za vipimo, ilhali kwa kisukari kipimo ni tone la damu ya kidole kabla ya kikombe, na kipimo cha wastani wa sukari baada ya miezi mitatu.

5. Lebo. Jambo hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa ndilo rahisi kurekebisha. Kopo likiandikwa "mdalasini" halijamwambia mnunuzi kitu. Mdalasini unaolimwa Unguja ni wa jamii ya Ceylon, wenye kemikali ya kumarini kidogo sana. Ule wa kasia, unaoingizwa kwa wingi kutoka Asia, una kumarini ya kutosha kudhuru ini kwa mtu mwepesi wa kudhurika anayeula vijiko kila siku. Kopo likiandikwa "mimea 21 ya asili" bila kuitaja, ni afadhali lisiandikwe chochote.

Najua majibu yatakayokuja, na yanastahili kujibiwa kwa heshima.

Wapo watakaosema mababu walitumia mimea hii vizazi na vizazi bila maabara. Wazee wetu walijua mengi, lakini kisukari tunachokiona leo hawakukutana nacho kwa wingi huu. Utafiti wa vijijini Tanzania ulioongozwa na Dkt. David McLarty na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta ugonjwa huu kwa chini ya mtu 1 kati ya kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kati ya kila 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi mbili hazikuhusisha makundi yale yale, lakini hata ukipunguza tofauti hiyo, mabadiliko ni makubwa. Dawa ya jadi ya kusafisha tumbo au kutuliza homa ina ushahidi wa vizazi nyuma yake. Dawa ya kumweka mtu salama miaka 20 akiwa na kisukari haikupata nafasi ya kujaribiwa na vizazi hivyo. Isitoshe, bibi aliyechemsha majani nyumbani hakuuza kwa jumla, hakuongeza vihifadhi, wala hakumwambia mjukuu aache sindano.

Wengine watasema hospitali ni ghali na mbali, na daktari ana dakika tano tu kwa mgonjwa, ilhali mganga anasikiliza. Hili ni kweli, na ni aibu ya mfumo wa afya ambayo sitaifunika. Kulingana na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2021 zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika walikuwa hawajui kama wanao. Mganga wa kijijini ndiye wa kwanza kuwaona wengi wao, akilalamikiwa kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Kwa sababu hiyo hiyo namtaka awe na glukometa, kifaa cha kupima sukari, mezani, na awe na wajibu wa kisheria wa kumpeleka mgonjwa kituo cha afya sukari inapozidi kiwango au mgonjwa anapotapika na kupumua kwa kasi. Umaskini wa mgonjwa ni hoja ya kumlinda zaidi, kwani shilingi zake chache zikiishia kwenye chupa isiyofanya kazi, hana nyingine za kununulia metfomini.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya waganga wenyewe: tukizipeleka dawa zetu maabara, wataziiba. Hofu hii ina msingi. Akarbozi, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer, hutengenezwa kwa kutumia bakteria ambao asili yake, kwa mujibu wa ripoti iliyotoka mwaka 2006, ni Ruiru nchini Kenya. Asili hiyo ilijulikana dawa ikiwa imeshauzwa miaka mingi duniani. Mganga wa Handeni au Sumbawanga akikataa kutaja jina la mti wake, simlaumu. Lakini tiba ya hofu hiyo ni mkataba, uwe umeandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa kabla sampuli haijavuka mlango, ukitaja sehemu yake ya haki na nani atamtetea mahakamani. Usiri unamlinda mganga asiibiwe leo, na kesho unamwacha mtoto wake bila cha kurithi, maana maarifa yasiyoandikwa popote hayana wa kuyathibitisha kuwa ni yake. Ghana ilianzisha kituo cha utafiti wa dawa za mimea huko Mampong mwaka 1975, chini ya daktari Oku Ampofo, ambako waganga na wanasayansi wamefanya kazi pamoja na wagonjwa wanatibiwa kwa dawa zilizopitia vipimo. Sisi tulikuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili mwaka mmoja kabla yao, 1974, ambacho leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu. Msingi tulishaujenga.

Sasa maombi yangu, waheshimiwa wajumbe. Naomba mtoe agizo linalokataza, kwenye lebo, redioni, mtandaoni na kwa spika, maneno yoyote yanayodai kuponya au kumaliza kisukari, au kumtaka mgonjwa aache insulini na vidonge vya kliniki. Na adhabu yake iwe kufutiwa usajili, kwa kuwa faini ndogo huingizwa tu kwenye bei ya chupa. Naomba kila dawa ya kisukari iliyosajiliwa iandikwe majina ya mimea yake, la kienyeji na la kitaalamu, sehemu ya mmea iliyotumika, kiasi kwa gramu, na onyo kwa wajawazito, watoto, wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia dawa nyingine za sukari. Cheti kinachoonyesha kwamba dawa haina sumu kisiruhusiwe kubandikwa dukani kana kwamba ni ushahidi wa tiba, kwani mnunuzi huona mhuri tu. Kwa kushirikiana na Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, naomba dawa hizi zinunuliwe sokoni kimya kimya, kama mteja yeyote anavyonunua, zipimwe kama zina glibenklamidi, metfomini na nduguze, na matokeo yachapishwe kwa majina ya bidhaa. Sampuli inayoletwa na mwenye dawa mwenyewe haitoshi.

Na naomba jambo moja la kujenga, ambalo kwangu lina uzito kuliko makatazo yote. Chagueni mmea mmoja, mmoja tu, ambao waganga wa mikoa mbalimbali wanaukubali kwa kisukari. Uwekeni mikononi mwa watafiti wa Muhimbili na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mganga akiwa mshirika mwenye mkataba. Ujaribiwe kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili waliokubali kwa hiari, ukiongezwa juu ya dawa zao za kliniki bila kuziondoa, kwa muda usiopungua wiki 12 ili kipimo cha wastani wa sukari kiwe na maana, na kundi jingine likipewa kinywaji kinachofanana kisicho na mmea. Figo na ini zao zipimwe mwanzo na mwisho. Matokeo yatangazwe yakiwa mazuri, na yatangazwe kwa sauti ile ile yakiwa mabaya.

Kila Agosti 31 mnaadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika kwa maonyesho na hotuba. Naomba katika maadhimisho yajayo mtaje jina la mmea huo, tarehe ya kuanza jaribio, na fedha iliyotengwa. Wagonjwa wanaonunua chupa hizo leo wana haki ya kujua jibu litatoka lini.